Nota Saba za Fundi Terazo

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumapili. Ndani ya stoo iliyo nyuma ya ukumbi, mwanamume wa miaka hamsini na miwili ameketi juu ya kreti ya soda, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Saa ya ukutani ilikufa zamani, kwa hiyo shemeji yake anamhesabia dakika kwenye simu.

"Bado tano," anasema shemeji.

"Hakijaamka," anajibu, macho yakiwa kwenye kidole cha pete.

Kidole chenyewe kimepauka na kukakamaa. Ukikifinya, mwenyewe hana habari. Maji ya moto hukirudishia uhai kidogo, wa kupigia nota nyepesi tu, kwa robo saa hivi, na robo saa hiyo ndiyo anayoitegemea kila wiki kabla ya kupanda jukwaani.

Mashabiki wanamwita Terazo. Siku sita za wiki anasukuma mashine ya kusugua sakafu za terazo, na ya saba anapiga gitaa la solo. Kundi lao lina watu watatu tu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anapiga besi. Rithim iko kwa kinyozi mmoja mpole, mwenye duka mtaa wa nyuma. Ngoma hawana. Mapigo wanapigiwa na viatu vya watazamaji.

Wanapiga bluzi, na ni kopi tupu. Katika miaka kumi na moja hawajatunga wimbo hata mmoja, na wala hawaoni haya. Viti mia moja na arobaini vya plastiki hujaa kila Jumapili, na wanaochelewa husimama kando ya ukuta hadi mwisho bila kulalamika.

Sheria ya ukumbi huo ni moja: kopi ifanane na santuri. Isipungue nota, isizidi nota.

"Wale si mashabiki," anasema kinyozi. "Wale ni wakaguzi."

Mkaguzi mkuu ni mama mmoja anayefua mashuka ya hospitali. Kila mtu anamwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Miaka minane iliyopita alisimama katikati ya wimbo, akainua mkono na kuamuru, "Rudieni! Hapo mmeruka." Wakarudia. Tangu siku hiyo kiti cha mbele, upande wa kulia, ni chake, na hakuna anayethubutu kukikalia, hata siku ambazo Shangazi ni mgonjwa.

Wimbo wanaoungoja kuliko zote wameubatiza "Mlango". Maneno yake ni ya lugha ya mbali, na pale ukumbini hakuna anayeyaelewa sawasawa. Inasemekana ni habari za mtu aliyerudi kwake akakuta mlango wake mwenyewe umefungwa kwa ndani. Katikati yake solo inalia peke yake kwa sekunde arobaini, na kwa sekunde hizo arobaini watu wazima huacha kupumua. Wapo wanaofumba macho. Yupo mzee mmoja huvua kofia.

Ndani ya solo hiyo, juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, kuna nota saba ambazo ni za kidole cha pete. Kidole kingine hakizifikii.

Ganzi ilimwanza miaka miwili iliyopita, asubuhi za baridi. "Nilidhani nimelalia mkono," anasema. Baadaye funguo zikaanza kumdondoka. Vifungo vya shati vikawa vita, hadi mkewe akaanza kumfunga kila asubuhi kama mtoto wa chekechea. Mashine anayoisukuma hutetemeka tangu asubuhi mpaka jioni, huku maji baridi yakimwagika sakafuni, na mtetemo huo umekuwa ukimla vidole kidogo kidogo kwa miaka ishirini na mitatu.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia akiiacha mashine leo, vidole vilivyobaki huenda vikabaki. Akiendelea, cha kati kinafuata. Cha pete kisamehe.

Lakini ataachaje? Binti yake anasomea uuguzi na amebakiza miaka miwili. Ujira wa siku moja wa kusugua sakafu unalisha nyumba siku tatu. Gitaa, kwa mwezi mzima, linampa nauli na soda. Ameomba kazi ya ulinzi sehemu mbili, na kote wametazama nywele zake nyeupe wakamshukuru kwa kufika.

Basi akaamua kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaguliwa na Shangazi. Akifika kwenye zile nota saba, Terazo aliinamisha kichwa, akakunja uso kama aliyezidiwa na utamu, akapiga mguu chini kwa nguvu. Mkono ulibaki palepale bila kucheza chochote. Kwa bahati, ndivyo alivyodhani, hapohapo ndipo ukumbi ulipokuwa ukipaza sauti kuimba.

"Nilijua wamenogewa," anasema. "Kelele zao zikawa kichaka changu. Nilimshukuru Mungu kwa kelele zile."

Alijificha kichakani humo mwaka mzima, mpaka Alhamisi iliyopita.

Siku hiyo shabiki mmoja alimtumia mke wa Terazo rekodi ya onyesho, iliyochukuliwa kwa simu kutoka viti vya nyuma. Chini yake aliandika maneno machache: "Mwambie mume wako tunampenda." Mke alikuwa anamenya viazi. Aliiwasha, akasikiliza, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akamwita mumewe jikoni.

"Baba watoto, hapa ni gitaa hili au ni watu?"

Terazo aliweka simu sikioni. Gitaa lilipanda, likafika juu, likanyamaza. Ndipo sauti za watu zikaingia, si kelele hata kidogo. Ziliingia nota saba, moja baada ya moja, kila moja mahali pake na kwa urefu wake. Kisha zikakoma zote kwa pamoja, na gitaa likaendelea.

Alikaa chini pale pale jikoni, juu ya ndoo.

"Wanajua," akamwambia mkewe. "Wote wanajua."

Anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Amewadanganya watu mwaka mzima, nao mwaka mzima wamemfunika nguo bila kumwambia yuko uchi. Usiku huo aliamua kwamba Jumapili atasimama mbele yao, aseme ukweli, alaze gitaa kwenye kasha na kurudi nyumbani.

Hiyo Jumapili ndiyo leo. Ndiyo maana stooni hapa hakuna anayetania, hata shemeji, ambaye kwa kawaida hanyamazi.

"Ukisema, umesema," shemeji anamwambia akimpa taulo. "Hakuna kurudi."

"Najua."

Wanapanda jukwaani. Ukumbi umejaa kama kawaida, na viatu tayari vinagonga sakafu kuomba "Mlango". Terazo anasogea kwenye kipaza sauti. Gitaa analo begani, lakini mkono hauligusi.

"Ndugu zangu," anaanza. Anainua mkono wa kushoto. "Kidole changu hiki kimekufa. Nimewaficha. Zile nota sizipigi mimi. Kwa hiyo leo nimekuja kuwaaga."

Viatu vinanyamaza. Kinyozi anatazama chini.

Kwenye kiti cha mbele, upande wa kulia, Shangazi anasimama.

"Tunajua, baba," anasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliposhindwa kushika chupa ya soda, ukaibana kwapani. Mimi nafua kwa dawa kali mwaka wa kumi na tisa huu." Anainua mikono yake, ngozi imebabuka na vidole vimekunjamana. "Mkono uliokufa ganzi mimi nitaambiwa?"

"Mbona hukusema, Shangazi?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Watu wachache wanacheka. Shangazi hacheki. Anaeleza, kama anayetoa hesabu ya mashuka, kwamba aliwakusanya watu nyuma ya ukumbi, Jumapili mbili mfululizo, akawafundisha zile nota hadi zikakaa. Waliokosea walirudia.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Piga, baba. Ukifika pale, acha. Hapo ni petu."

Terazo anapiga. Solo inapanda taratibu, mlango wa yule mtu wa mbali ukigongwa kwa mara nyingine. Inafika juu. Safari hii hainamishi kichwa wala hakunji uso. Anainua mkono wote kutoka kwenye nyuzi, kila mtu aone, na ukumbi unaimba nota saba. Mzee aliyevua kofia anateleza kidogo kwenye nota ya tano, na Shangazi anageuka kumtolea jicho.

Terazo analia waziwazi, na hajifuti. Huku akilia, anaendelea kupiga.

Hata hivyo makofi hayafufui kidole. Onyesho likiisha, bakuli la maji liko palepale stooni, limepoa. Kesho saa moja asubuhi anatakiwa kwenye korido ya ghorofa ya pili ya jengo la ofisi, ambako mita mia tatu za sakafu zinamngoja. Na tangu wiki iliyopita kidole cha kati kimeanza kumchoma kama kinadungwa sindano. Cha pete nacho kilianza hivyohivyo. Hilo hakulisema jukwaani. Amelisema hapa stooni, kwa sauti ya chini, mbele ya shemeji yake na mwandishi wa makala haya.

Kuaga ameahirisha, na badala yake ana mpango. Kuanzia Jumapili ijayo atafika nusu saa mapema na kuwafundisha watu solo yote, kipande kwa kipande, akianza na vipande vya kidole cha kati. Shemeji, ambaye hesabu haikumtoka hata baada ya kustaafu, ameshagawanya zile sekunde arobaini nyuma ya bahasha: Jumapili kumi na nne.

"Nataka wawe nayo yote kabla haijanitoka," anasema Terazo. "Siku mkono ukigoma kabisa, nitakaa kiti cha mbele, wanipigie kwa midomo yao."

Mkewe ameingia kumchukua. Bila kuambiwa, anaanza kumfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja kutoka chini. Terazo amesimama wima kama askari, na anakitazama kidole chake cha kati.

"Kumi na nne tu," anakiambia. "Sikuombi zaidi ya hapo."