Mtihani wa Kufanyia Nyumbani

Yaliyonikuta niliyataka mwenyewe. Ofisini kwetu Kibiti, ambaye angepata cheti cha mwanzo cha usimamizi wa mifumo ya kompyuta ndiye angekabidhiwa kuongoza kitengo cha kompyuta. Vyeti vya kuchagua vilikuwa viwili. Kimoja, mtihani wake unaufuata Dar. Cha pili unaufanyia nyumbani, msimamizi akikuangalia kwa kamera, na ukiongea na mtu yeyote mtihani unafutwa.

"Kaka, nenda Dar," Zuhura, mwenzangu wa ofisini, alinishauri. "Kwako Mchukwi wageni hawakatiki."

Nikamjibu kuwa mimi ni mtu wa mifumo, nina mpango. Mpango wenyewe ulikuwa karatasi mlangoni: USIBISHE HODI.

Siku ya mtihani, nikiwa nyumbani kwenye swali la kumi na mbili, nikamsikia shangazi yangu nje. "Hodi! Mwanangu, mbona umeandika tusibishe hodi? Kuna mgonjwa?"

"Karibu, shangazi. Shikamoo." Mdomo ulijibu wenyewe.

Akaingia, akamwona msimamizi kwenye kioo cha kompyuta, akamsalimu kwa adabu zote. Msimamizi akatamka kuwa mtihani umefutwa, kioo kikawa cheusi.

Shangazi akanigeukia. "Mgeni wako kaondoka bila kuaga. Hata chai hukumpa?"