Siku Nilipopeleka Posa Kiunga kwa Ndege

Jamani, haya nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa Kiunga, maana wao wakisimulia hutia chumvi, na aibu niliyonayo inanitosha.

Mdogo wangu Swaleh alitaka kuoa Kiunga, mshenga nikawa mimi, na kosa langu lilikuwa kuikataa mashua nisije nikalowesha kanzu. Bosi wake Swaleh, mwenye nyumba ya wageni Shela na kindege chake cha viti vinne, alikuwa anarusha kuelekea huko huko, akasema twende. Pale uwanja wa Manda akaniambia sinia la halua niliweke nyuma, nikakataa katakata. Halua ya posa mshenga huipakata, haitupwi na mizigo (mama angeninyonga), tena ilikuwa imeepuliwa asubuhi ile ile, laini, inanukia iliki.

Angani raha tupu, navipungia mkono visiwa kama mfalme. Kasheshe ilikuwa kutua. Upepo ukatupiga ubavuni, kindege kikaipiga ardhi kwa kishindo, kikaruka juu, kikapiga tena, gurudumu la mbele likavunjika, pua ikalima mchanga, na mimi natoa shahada kwa sauti ambayo nadhani Pate waliisikia. Kiliposimama tulikuwa wazima, alhamdulillahi, ila sinia lilikuwa tupu na halua yote iko kifuani, ndevuni, mpaka sikioni.

Bosi akanambia nitoke upesi, mafuta yanavuja. Nikatoka mbio (kiatu kimoja nikakiacha), nikamkumbatia mzee wa kwanza niliyemwona, nikalia kwa furaha ya kuwa hai. Kuja kumwachia, kanzu yake nyeupe imenasana na yangu, tunavutana mbele za watu. Mmoja akaninong'oneza kwamba huyo ndiye Bwana Athmani, baba wa binti, aliyekuja kutupokea.

Nikajua Swaleh nimemkosesha mke. Mzee akajitazama, akachovya kidole kifuani pake, akalamba, akafikiri.

"Posa imenifika mwilini, siwezi kusema sikuiona," akasema. "Binti karidhia zamani, nami nimekubali. Lakini harusini muye kwa ndia ya bahari."

Vigelegele vikapigwa, mimi nacheka huku nalia. Harusini nilikwenda kwa mashua, nikatapika safari nzima, wala sikulalamika. Ila nawaambia mapema, nikisikia tena kuna mtu anatafuta mshenga, mimi ni mgonjwa.