Mablanketi Matatu ya Chifu

Mtu asinifundishe biashara. Mimi darasa la pili niliacha katikati, na leo nina duka mjini Meru ambalo rafu zake zinagusa dari. Chai peke yake ina aina nyingi mpaka binti yangu, msomi wa shule ya Kaaga, anashika pakiti hii, anairudisha, anashika ile, kisha anatoka mikono mitupu. Nikimwona hivyo damu inachemka. Nakumbuka Githongo.

Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya wakoloni ilitutoa mashambani ikatusonga katika kijiji kimoja hapo Githongo, kilichozungushiwa handaki. Maduka ya nje yalikuwa yafungwe. Ndani lingekuwa moja tu, na wa kuamua alikuwa chifu. Tulikuwa wawili: mimi, na jirani yangu ng'ambo ya barabara. Yeye aliuza blanketi la kijivu. Ukitaka lingine, anakupa hilo hilo.

Mimi nilikuwa nimefagia duka la Mhindi kule Embu mpaka nikajua kitu kizuri kinafananaje. Nilikuwa na jekundu, la buluu, la kijani lenye mistari, kila aina moja moja. Nani mwingine Imenti nzima alikuwa na duka kama hilo? Hakuna!

Akina mama walijaa kwangu. Wanapapasa, wananusa, wanaitana. Filimbi ya homugadi, mlinzi wa kijiji, ikilia, muda wa kutoka umekwisha, basi wanakimbia na kunyakua la kijivu kwa jirani wakipita. Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

Siku moja chifu akaja mwenyewe. Alikuwa na wake watatu.

"Wewe kijana, nionyeshe hiki unachojivunia."

"Chagua, mzee. Kwa yule utachagua nini? Ukungu?"

Akacheka, akabeba yote matatu. Nikajua duka ni langu.

Asubuhi aliyatupa mezani. "Umeniletea vita nyumbani! Mkubwa anataka jekundu, wa pili anataka jekundu, mdogo amerudi kwa mama yake!"

Kwetu, mwenye wake wengi akinunulia mmoja amenunulia wote, na kitu kiwe kile kile. Nani hajui? Lakini si yeye aliyechagua kwa mkono wake?

"Kesho jioni nataka matatu yanayofanana. Ukikosa, ng'ambo yapo."

"Basi nipe pasi ya kusafiri, mzee, niende Embu."

"Pasi ya blanketi! Unajua kuna vita, wewe?"

Nikayatosa yote kwenye pipa la maji, pamoja na magome ya miti ambayo mama zetu hutilia rangi kamba za kusukia vyondo. Nikachemsha kutwa nzima, nikikoroga kwa mti, nikilia kwa hasira, na moshi usisingiziwe. Jekundu, buluu, mistari, yote yakawa rangi ya mbwa aliyenyeshewa.

"Sasa haya ndiyo mablanketi," mke mkubwa wa chifu akasema nilipoyapeleka jioni.

Nikapewa duka. Jirani akarudi kwenye jembe. Miaka yote ya handaki niliuza mablanketi ya aina moja, na yakifika yanaisha.

Siku moja nilipita kwa chifu, blanketi limeanikwa uani. Penye pindo ulichungulia uzi mmoja mwekundu ambao magome hayakuufikia. Nilisimama nikautazama mpaka homugadi akanifukuza.