Chungwa Linalongoja Baridi

Afande Ocira aliweka vipande viwili vya chungwa juu ya meza ya Rehemah, mbele ya wateja, hata salamu hakutoa. Ndani lilikuwa la manjano tupu.

"Mama Tamim," alisema, "miaka minne nimemwagilia mti wako. Uliniambia tunda litakuwa jekundu kama damu."

Ni kweli alimwambia. Rehemah aliuza miche kando ya barabara Ntinda, na michungwa ile aliibebesha kwa mkono wake, yaani alipachika kwenye miche ya kawaida vikonyo, vijiti vya mti wa chungwa jekundu, alivyouziwa na mfanyabiashara Mkenya. Mama mmoja aliyekuwa ameshachagua miche mitatu akairudisha chini, akaenda zake.

"Nipe muda, Afande. Kama nimekuuzia uongo, nitakwambia mwenyewe."

Kesho yake alifunga kitalu, akapanda boda hadi kituo cha utafiti wa mazao akiwa na majani ya mti wa Ocira. Akaambiwa arudi Jumatatu. Akarudi. Akaambiwa mtaalamu yuko shambani. Akakaa kwenye benchi hadi alasiri, ndipo Moreen, mtaalamu wa michungwa, akatokea na viatu vya matope na kuyapokea majani.

Wiki tatu baadaye Moreen alimpigia simu. "Mti wako ni wa kweli. Jeni ya wekundu imo."

"Mbona haionekani?"

"Imelala. Ndiyo inayoamuru rangi nyekundu itengenezwe, lakini yenyewe huamshwa na baridi. Kampala hatuna baridi hiyo. Hata maganda ya machungwa yetu hubaki kijani yakishaiva, kwa sababu hiyo hiyo ya joto."

Rehemah akafikiri. "Na tunda likishachumwa, likawekwa kwenye baridi?"

"Watafiti wenzetu wa nje wamewahi kufanya hivyo. Jaribu, ila lisigande."

Ocira alimpa matunda kumi, shingo upande. Abudu, jirani muuza soda, akamwachia rafu ya chini ya friji yake. Kila Ijumaa Rehemah alikata tunda moja mbele ya Ocira. Ijumaa ya kwanza, manjano. Ya pili, manjano.

"Dada, rafu yangu naihitaji," Abudu alisema.

"Niongezee mwezi mmoja tu. Asubuhi nitakufagilia hapa mbele."

Akafagia kila siku. Ijumaa ya nne, karibu na ganda, kulikuwa na michirizi miembamba, myekundu. Ya sita, wekundu ulikuwa umeingia hadi katikati. Ocira aliinama, akavaa miwani, akala kipande, akala kingine.

"Basi hukunidanganya," alisema.

"Nilikwambia nisichokijua, Afande. Hilo ni kosa langu."

Akaandika kibao kipya: miche ya chungwa jekundu, Kampala huiva manjano, wekundu hutaka baridi. Wateja wengi walisoma wakapita. Mwezi wa tatu tangu aweke kibao, akasimama Guerschom, mkulima wa Kabale, akauliza kama milimani kwao, ambako usiku watu hujifunika blanketi mbili, mti huo ungefaa.

"Sijui," Rehemah alisema. "Sijaona kwa macho yangu. Nikuuzie kumi, nije niipande nawe, na kila msimu unipigie simu unieleze ulichokiona ndani ya tunda."

Jumamosi walipanda basi pamoja, miche ikiwa imefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji miguuni pao.