Kopa Tatu Badala ya Mbili

Sitaandika jina la mtu. Watu wa Kalemie watawajua wote kwa kazi zao, na wao wenyewe wakisoma watajiona. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Ninavyosema ndivyo ninavyoandika. Anayetaka Kiswahili cha kanzu aende kwa mapadri.

Mchezo wenyewe unaitwa briji. Ni karata, lakini si karata za kupigia kelele. Wanacheza watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako, mnatazamana. Kabla ya kutupa karata hata moja, kila mtu kwa zamu yake anatangaza: upande wetu utashinda mizunguko kadhaa, na rangi ya turufu ni hii. Kopa mbili maana yake mizunguko minane katika kumi na tatu. Kopa tatu ni tisa, kopa nne ni kumi. Ukiahidi kumi ukapata tisa, umeanguka. Kila tangazo lazima lipite lile la kabla, na pau ni chini ya kopa; asiyetaka kupita anasema pasi. Neno lingine huruhusiwi kusema. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kushika sikio. Mdomo wako wote ni lile tangazo.

Tangazo la kwanza linamwambia mwenzako kwamba uko na kitu. La pili njo linamwambia kitu hicho ni kikubwa ama kidogo, na yeye ataendesha kwa hilo. Ukirudia rangi yako polepole, umesema: niko na kidogo, usinikimbize. Ukiruka ngazi moja, umesema: niko na nguvu, twende. Nimelieleza hili mara nyingi kwa watu wasiocheza, na mara zote wananiuliza kama ni hilo tu. Ndiyo, ni hilo tu.

Aliyenifundisha ni shoferi wetu. Baba yake alikuwa akipeleka vinywaji kwenye serkle, klabu ya wazungu wa reli, zamani, akawa anasimama nyuma ya viti vyao akitazama karata, mpaka akajua kuliko wao. Akamfundisha mwana. Mwana akanifundisha mimi juu ya boneti ya kamyo, kwa sababu mimi nilikuwa konvoyeri wake, yule anayepanda nyuma na mzigo, anayelinda mali na kuruka chini na kabari ya mti gari likitaka kurudi nyuma. Kwenye barabara ya Moba gari likizama kwenye matope mnakaa siku tatu, nne. Tuligawa karata, kila mtu mkono wake, tukawa tunatangaza tu, bila kucheza, halafu tunafunua na kuona nani amemdanganya nani.

“Mudogo wangu,” aliniambia, “macho yako ni ya karani. Karata zote unazikumbuka. Ila unaogopa. Muntu mwenye woga anatangaza kwa ajili ya adui, hatangazi kwa ajili ya mwenzake.”

Nilicheka. Nilifikiri ananisifu nusu.

Meza ilikuwa barazani kwa mwenye gari, kwenye depo yake karibu na bandari. Yeye baba yake alikuwa karani wa reli, na alipenda watu wajue hilo. Mwenzake wa mezani alikuwa mtu wa barabara, yule anayekagua magari na kuyapa karatasi ya ruhusa. Wa tatu alikuwa shoferi. Wa nne wao wa zamani alikufa, wakatafuta mtu anayeujua mchezo katika mji mzima wasipate, wakaniita mimi, konvoyeri, nikakaa mbele ya shoferi wangu. Siku ya kwanza mwenye gari aliniuliza kama nimenawa mikono.

Sasa nieleze desturi ya meza ile, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa. Tulikuwa na kitu tunachokiita mukono wa shauri. Kukitokea ubishi wa kazi kati yetu, hatukupigana maneno. Karata ziligawiwa mara moja tu. Upande utakaoshika tangazo la mwisho ukilitimiza, umeshinda shauri, ukianguka, umeshindwa. Na lililokatwa mezani halifunguliwi tena. Ilianza kwa mambo ya kipuuzi, nani ataosha gari, nani atafanya kazi siku ya Noeli. Halafu siku moja shoferi aliomba juma zima kwa ajili ya harusi ya binti yake, mwenye gari akakataa, wakacheza, mwenye gari akaanguka. Alitoa lile juma bila kununa. Tangu siku hiyo shoferi aliiamini meza kuliko mahakama. Tulijiona watu wastaarabu kabisa. Mahali pengine mafundi wangegoma, wangepiga kelele, wangeketi chini. Sisi tulikuwa na briji.

Alasiri ninayoisema, ziwa lilikuwa na rangi ya risasi, na mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta wa bandari moja moja, kwa nafasi. Uani kamyo ilikuwa imeshajazwa saruji na chumvi. Abiria walikuwa wameanza kupanda juu ya mifuko. Mama mmoja alimpandisha mtoto wake kwanza, akampa na kuku, halafu akapanda yeye. Shoferi hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti chake.

“Papa,” alimwambia mwenye gari, “freni inavuja upepo. Kila asubuhi nakuta tangi yake tupu. Kupanda Pepa si shida. Shida ni kushuka Moba.”

“Kipande kinakuja na boti ya Kigoma.”

“Basi tungoje boti.”

“Siku nne! Saruji inyeshewe hapa uani? Shoferi, weye umeanza kuzeeka. Zamani ulikuwa unashuka Moba ukiimba.”

Mtu wa barabara alicheka huku akichanganya karata. “Karatasi ya gari nilisaini mimi mwenyewe jana. Freni iko muzuri.”

“Uliiangalia?”

“Niliangalia karatasi.”

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, na leo nakiona kicheko kile kama kitu nilichokitema mahali ambapo sasa lazima nipite kila siku.

Mwenye gari akapiga meza kwa vidole. “Haya. Kwa nini tugombane? Mukono wa shauri. Mukishinda, gari linangoja boti. Nikishinda, munatoka leo hii.”

Shoferi alinitazama. Angeweza kukataa. Angeweza kutupa ufunguo mezani aende nyumbani. Akavuta kiti, akakaa.

Nilipofungua karata zangu niliona kopa sita, na pointi kumi na mbili. Asi inahesabiwa nne, mfalme tatu, na kushuka hivyo. Kumi na mbili ni za kufungulia tu, si za kujivunia. Nikatangaza kopa moja. Mtu wa barabara, kushoto kwangu, akasema pasi. Shoferi akasema shupaza moja, maana yake na yeye yuko na kitu. Mwenye gari, kulia kwangu, akaingia katikati: “Pau mbili.”

Zamu yangu. La kusema lilikuwa moja: kopa mbili. Niko na kopa nyingi, pointi kidogo, usinikimbize. Hata mtoto wa serkle angejua.

Lakini nilimwona mwenye gari. Alikuwa ameegemea nyuma, karata zake amezifunga mkononi kama mtu aliyekwisha kula. Nikawaza: nikisema kopa mbili, atasema pau tatu, atazipata, na sisi tutatoka leo. Lazima nimfunge mdomo. Uani mtu alikuwa akifunga turubai kwa kamba, na nilisikia kamba ikilia kwenye vyuma.

“Kopa tatu,” nilisema.

Uso wa mwenye gari ulibadilika kidogo, nikafurahi. Mtu wa barabara akafikiri, akamsaidia mwenzake: “Pau nne.”

Shoferi alitazama karata zake. Alikuwa na pointi tisa. Kwake yeye, mimi nilikuwa nimemwambia niko na kumi na sita. Tisa na kumi na sita ni nguvu ya kutosha, asingekuwa na akili kama angesita. Hakusita. Alinitazama usoni kwa utulivu kama ninavyomwona sasa.

“Kopa nne.”

“Kontre,” akasema mwenye gari. Yaani: naapa mutaanguka.

Katika briji, mwenzake yule anayecheza analaza karata zake wazi mezani na hafanyi kitu tena. Wazungu walimwita mufu, na sisi tukaendelea hivyohivyo. “Haya mufu, lala,” mtu wa barabara akamwambia shoferi, na shoferi akalaza karata zake kwa mpangilio, rangi kwa rangi, halafu akainuka, akazunguka meza na kuja kusimama nyuma yangu kuona mkono wangu. Nilimsikia akihesabu kwa pumzi. Pumzi ilisimama. Sikugeuka.

Nilicheza vizuri. Hili nitalisema mpaka nife, nilicheza vizuri kuliko siku zote. Nilipata mizunguko tisa. Iliyotakiwa ni kumi.

Tulipofunua karata zote, tuliona jambo ambalo nisingependa kuliona. Ile pau tatu ya mwenye gari ingeanguka. Ile pau nne ingeanguka vibaya zaidi. Na kopa tatu zangu, kama zingeachwa hapo, zingetosha. Kila njia ilikuwa yetu isipokuwa ile niliyomsukumia mwenzangu.

“Bahati mbaya,” alisema mwenye gari, na tayari alikuwa amesimama akimwita mtu wa geti.

Tulitoka kabla jua halijashuka. Shoferi hakunisemesha mpaka siku ya pili, juu kwenye nyanda za Pepa, tulipokuwa tumesimama tupoze injini. Ng'ombe walikuwa wamelala kando ya barabara, baridi ilikuwa ikipita kwenye majani. Abiria walishuka kunyoosha miguu. Yeye alilala chini ya gari akisikiliza mipira ya upepo, akatoka akijifuta mikono.

“Kwa nini tatu?”

“Niliogopa atasema pau tatu, kaka.”

“Angesema. Tungemwacha. Angeanguka.”

“Sikujua.”

“Haikuwa lazima ujue. Weye ulipaswa kuniambia mimi ukweli. Mengine ningeyajua mimi.”

Nikamwambia tugeuze gari. Nilimwambia kweli, mbele ya abiria wawili ambao bado wako hai. Alitikisa kichwa. “Ilishakatwa,” alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bango. Na hilo namlaumu hata yeye, marehemu. Watu waliokuwa juu ya mifuko hawakucheza karata na mtu yeyote.

Kwenye mteremko wa Moba aliwashusha wale waliokubali kutembea. Wengi walikataa, walikuwa na mizigo. Aliweka gia ya kwanza akaanza kushuka polepole sana. Mimi nilikuwa nyuma, nimekumbatia kabari. Tulipita kona mbili. Katika ya tatu nilisikia upepo ukitoka kwenye freni, mlio mrefu mwembamba, halafu honi, halafu sauti yake: “Kabari! Kabari!”

Niliruka. Mguu ulivunjika pale pale, lakini nilitambaa nikaisukuma kabari chini ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likaipanda kama linavyopanda jiwe dogo, likaendelea. Nikiwa chini kwenye vumbi niliiona turubai ikipinda na kona. Honi haikunyamaza. Halafu ikanyamaza.

Kwenye matanga mwenye gari aliwaambia watu kwamba shoferi alikuwa amechoka, pengine amelewa. Ni uongo. Mtu yule hakunywa hata siku moja njiani. Mtu wa barabara aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni mwendo wa kasi. Gari la gia ya kwanza! Anayesaini karatasi bila kuinama chini ya gari, na anayetuma gari akijua, hao ni wauaji, na wote wawili wanakula mchana na kulala usiku, na nasikia wanatafuta watu wawili wa kucheza nao.

Mjane alikuja kwangu mguu wangu ungali umefungwa. Alikaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, hakutaka maji. Nilimweleza yote, meza, desturi, tangazo. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa sababu hajui karata. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Basi weye ulikuwa na ngapi, shemeji?”

“Kumi na mbili.”

“Na ulimwambia ngapi?”

“Kumi na sita.”

“Ungemwambia kumi na mbili, yeye angesema nini?”

“Angesema pasi. Angewaacha waanguke.”

“Na gari lingengoja boti.”

“Lingengoja.”

Nje mtu alikuwa akitwanga, na tulisikiliza ule mchi wote wawili. Halafu aliinuka, akafunga kitenge chake upya.

“Kwa mwenye gari nilikwenda, nikamlaani mbele ya watu wake,” alisema. “Kwa yule wa barabara vilevile. Kwako nilikuja kuuliza tu kama mume wangu aliteseka.”

Nikafungua mdomo kumjibu, akaninyooshea mkono nisiseme.

“Hapana. Sasa hata ukiniambia, nitajuaje kama ni kweli?”

Akatoka, akauacha mlango wazi.