Tembo kwenye Kioo cha Mapokezi

Siku hiyo pale mapokezi tulikuwa sita: mama mwenye nyumba ya wageni, fundi wa kompyuta kutoka Morogoro, baba yetu mdogo kutoka Malolo, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu aliyekuwa darasa la pili, na mimi.

Baba mdogo alikuwa amekuja kumchukua kitinda mimba. Tulipomzika mama yetu mzazi kule Kilosa, baba akiwa amekwisha kumtangulia, ukoo ulikaa ukaamua watoto tugawanywe. Niliomba wanisubiri. Nikaacha shule kidato cha pili, nikahamia Mikumi na wadogo zangu, nikapata kibarua cha kufagia na kubeba mizigo ya wageni. Neno la ukoo lilikuwa fupi: nikipata kazi ya kueleweka watoto wabaki kwangu, nisipopata wagawanywe.

Kazi yenyewe ilikuwa karibu. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na kila nyumba ya wageni barabarani ilitafuta kitu cha kuwasimamisha wasafiri. Mama mwenye nyumba alinunua kompyuta iliyotumika ili watu waone wanyama wa mbugani kwenye kioo, kwa rangi zao. Kadi yake ya picha, kile kibao cha ndani kinachopeleka rangi kwenye kioo, ilikuwa na rangi chache mno. Twiga alionekana kama ukuta uliobanduka chokaa. Fundi akaleta kadi mpya yenye maelfu ya rangi, lakini programu tuliyokuwa nayo haikuielewa. Kila alipopita Mikumi alikuwa akinifundisha kuandika programu, basi hii akaniachia mimi.

Kila nukta ya picha ilikuwa namba moja iliyobeba rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Nilizipa zote nafasi sawa, kama mtu anayewagawia watoto ugali. Kadi ile ilitaka kijani kipewe zaidi kidogo. Tembo wangu wa kwanza akatoka wa kijani kama kabichi. Nikarekebisha, akapata rangi yake ya udongo. Lakini picha ikikaa kidogo, madoadoa yalimwagika juu yake, kisha kioo kikaganda. Mama alikwisha kusema: kadi isipokubali leo fundi anaondoka nayo, na mimi nabaki na ufagio.

Nilipitia programu mstari kwa mstari.

"Hao tembo wana surua?" fundi akauliza.

"Surua wanayo, na daktari ni wewe," mama akamjibu. "Umekula wali wangu tangu asubuhi."

Baba mdogo aliketi kando, kofia magotini. "Baba," akaniita, "hii ndiyo kazi yenyewe? Kukodolea kioo macho?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na wanakulipa?"

"Ikikubali, watanilipa."

Baba mdogo akavaa kofia yake. Kisha akamwambia mtoto akusanye nguo zake. Mdogo wangu wa kike akaanza kumfungia furushi. Sikugeuka. Ningegeuka, nisingeweza tena kusoma kilichokuwa mbele yangu.

Baba mdogo alisimama, akaegemeza mkono juu ya boksi la kompyuta, mara akautoa.

"Kitu chenu kinachemka," akasema. "Mmekifunika kama chungu cha maharage."

Wote tukakitazama kitambaa kilicholifunika boksi. Mdogo wangu wa kike alikifuma mwenyewe, kama watu wanavyofumia redio, na chini yake akashona nailoni kwa sababu ya vumbi la malori. Kiliteremka hadi nyuma ya boksi, kikaziba matundu ya hewa. Tulikivua fundi alipotaka kufungua, tukakirudisha kabla ya kuwasha. Kuiacha mashine wazi mbele ya wageni kulikuwa kama kuwaonyesha kitanda kisichotandikwa.

Mdogo wangu akakivua. Tukazima, tukangoja boksi lipoe, nikawasha tena bila kugusa programu. Tembo akatokea, akakaa. Dereva wa lori aliyekuja kuulizia chumba akasimama kumtazama, akasahau alilokuwa akiuliza. Tembo alikuwa bado safi.

"Kesho asubuhi uje ukae kwenye meza hii," mama akaniambia. "Ufagio nitatafuta mwingine wa kuushika."

Baba mdogo ndiye aliyelifungua furushi. Alifungua polepole, fundo lilikuwa limekazwa.

"Mama yenu mdogo amekwisha kumtandikia kitanda," akasema. "Nikamwambie nini?"

"Mwambie nitamleta likizo."

"Umlete wewe mwenyewe. Alale kwetu, aonyeshwe kaburi la babu yake. Asikue hajui kwao."

"Nitamleta."

Likizo ndio wakati wageni walipojaa, na meza ile ilikuwa yangu. Baadaye mtoto akaenda shule ya bweni, kisha akaajiriwa mbali. Baba mdogo akisafiri kwenda Morogoro hushuka kunisalimu. Namwamkia, anaitikia marahaba, anatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayetoka. Huyo mtoto sasa ana watoto wake. Malolo bado sijampeleka.