Chai ya Wageni

Hilda Matonya aliyaona maji sakafuni kabla hajaifikia friza. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, maabara ya chuo hapo Dodoma imefagiliwa ikang'aa, na plagi ya friza imetupwa chini. Kwenye soketi yake palichomekwa birika la umeme. Ijumaa walikuja wageni wakubwa, na wageni lazima wanywe chai!

Ndani, vinyama vyote vilivyokatwa kwa wagonjwa vilikuwa vimeyeyuka na kuanza kunuka. Wenzake waliviita sampuli. Hilda alimjua mwenye kila kimoja, na kilichomuuma zaidi kilikuwa cha Mama Loisi wa Kibakwe, aliyekufa kwa saratani ya titi kama mama yake na dada yake. Siku ya kukikata, wajomba zake Mama Loisi walikuja juu, wakitaka mtu wao azikwe mzima. Mama Loisi aliwanyamazisha mwenyewe. "Mimi nimeshachelewa, mwanangu," alimwambia Hilda. "Chukua, uwaangalizie wanangu."

Katika shahada yake ya uzamili, Hilda alifuatilia jeni inayosaidia kujenga titi la mtoto angali tumboni. Kazi ikiisha, jeni hiyo hutulia. Kwa wagonjwa wengine huamka ukubwani na kujenga uvimbe. Kama kwa Mama Loisi iliamshwa na kasoro ya kurithi, jambo ambalo nyama yake pekee ingelionyesha, binti zake wangejulikana mapema, wakatibiwa mapema. Binti mmoja, Paulina, alikuwa tayari ndani ya basi, anakuja kusikia jibu kwenye semina ya mchana, baada ya kipimo cha mwisho asubuhi hiyo.

Hilda alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wake.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba." Dokta Batholomeo alimsikiliza huku akikoroga chai. "Pole sana. Sasa tusikuze mambo. Kwenye semina sema ziliharibika safarini, barabara ya Kibakwe kila mtu anaijua. Utakusanya nyingine."

"Mama Loisi ameshafariki, Dokta."

"Wagonjwa wapo wengi."

Hilda alitoka bila kuaga, masikio yanamwaka moto. Wapo wengi! Boksi la barafu lenye nyama hiyo alilipakata mwenyewe kutoka Kibakwe mpaka Dodoma, na barafu ilifika ingali ngumu. Leo lawama ziende kwa dereva, kwa barabara, kwa watu wa shamba, kwa yeyote asiye na ofisi. Dokta akome kabisa!

Mchana Dokta alimkaribisha mbele kwa tabasamu. Hilda hakuwasha hata projekta. Alimtazama Paulina, aliyekaa kiti cha nyuma na mwanawe wa kike mgongoni.

"Dada Paulina, nyama ya mama yako ilifika salama. Tumeiozesha sisi, humu humu. Tuliichomoa friza tukachemshia wageni chai."

Dokta Batholomeo alikohoa. Mtu mmoja akasema, "Ah, Hilda, siyo hapa."

Paulina alisimama taratibu, akamshika mwanawe miguu.

"Kwa hiyo mimi ninao ugonjwa wa mama au sina?" aliuliza. "Na huyu je?"

Ukumbi ulijaa wasomi watupu, na kila mmoja alianza kukusanya karatasi zake.